Msomaji wa Zamu ya Mwisho

Kwa miaka kama minne hivi, kila siku nikimaliza darasa nilikuwa najilaza chali ukumbini kwangu, juu ya saruji tupu yenye baridi, mtandio usoni, na sitaki mtu anisemeshe. Mume wangu akipita alikuwa anainua mguu na kunivuka kama anavuka mfereji. Mkwe wangu alisema ni presha. Jirani alisema nina mtu kichwani, nifukizwe. Dada yangu, ambaye tangu udogoni hajawahi kunidhania jema, alisema ni uvivu umekuja na uzee. Mimi mwenyewe nikisema ni joto.

Haikuwa presha wala joto. Nilikuwa nimechoka kusikiliza, ila wakati ule sikujua kama kusikiliza ni kazi inayoweza kumlaza mtu chini.

Nasomesha Qur'ani wanawake wazima, nyumbani kwangu Chake Chake, upande wa kuelekea Gombani. Wanafunzi wangu ni tisa, wote waliishia njiani utotoni kwa kuolewa au kwa shughuli za nyumbani, na ukubwani wakaona haya ya kutokujua ni nzito kuliko haya ya kujifunza. Wanakuja baada ya sala ya alasiri. Wanakaa mkekani, na kila mmoja kwa zamu yake anasogea mbele yangu, anaweka msahafu juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea, anasoma ukurasa wake. Akikosea namwambia arudie. Akipatia namwambia, "Ahsante, endelea." Kazi yangu ni hiyo tu, kumsikia anayesoma, na ndiyo iliyokuwa imenishinda.

Masikio yangu hayakuzimika kwa siku moja. Zilianza kuondoka sauti nyembamba, ndege na mlio wa simu na watoto wadogo, nikadhani dunia imepata adabu. Baadaye maneno yakaanza kunijia yameliwa pembeni. Basi nikawa nasikia kwa macho. Nilitazama midomo ya msomaji, nikafuata mstari kwa kidole, nikakisia, nikalinganisha nilichokisia na kilichomo kichwani mwangu, na huku yeye keshatangulia aya mbili, namkimbilia. Mtu akinichungulia kutoka mlangoni aliona bibi kakaa kitako juu ya mto anapunga upepo. Ndani nilikuwa nalima.

Na mimi nikichoka huwa mkali. Nilimgombeza mtu kwa kukohoa. Nilimrudisha mwengine nyumbani kwa sababu bangili zake zinagongana. Lakini kusema neno moja, "Sikusikia," hilo hapana. Mwalimu wa Qur'ani aseme hasikii? Afadhali nivuliwe mtandio sokoni.

Dawa niliyoivumbua ilikuwa sauti. "Toa sauti!" nilikuwa nawaambia. "Kwani unamwibia nani?" Wakatoa. Nikawaambia bado, wakazidisha. Mwaka wa pili darasa langu likawa linasikika mpaka barabarani, na mimi nikajisifu kwamba nimewatoa wanawake woga. Siku moja mume wa mwanafunzi wangu mmoja, yule mwanamke anayeuza vitumbua, alikuja barazani, akavua kofia, akaivaa tena, akaniamkia.

"Mwalimu, mie sikuja kulalamika," alisema. "Lakini huyu mke wangu tangu aanze kuja kwako hasemi tena, ananadi. Juzi kaniomba chumvi, kaileta jirani."

Nilimfahamu vizuri sana, kwa sababu naye alikuwa anapiga kelele. Nikamjibu kwamba sauti ni neema, ashukuru. Akashukuru, akaondoka kichwa chini.

Katika wale tisa alikuwemo mmoja ambaye dawa yangu haikumfaa. Tulimwita Bi mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu sote, keshapita sabini, mjane, nyumba yake ya tatu kutoka kwangu. Ana pumu. Sauti yake haikuzidi pumzi. Meno aliyobakiwa nayo ni ya kuhesabika, na kwa haya zake za kizamani akisoma alikuwa anajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kwa mtu anayesikia kwa macho, Bi mkubwa alikuwa ukuta.

Tena alitaka zamu ya mwisho. Kila siku, wenzake wakimpisha kwa umri wake, alikataa. "Wapishe wenye watoto," alisema, au walinambia kwamba alisema. Basi zamu yake ilipofika jua limeshuka, wenzake wanavaa mabuibui na kutafutana viatu, na mimi nguvu zangu zote zimekwisha. Nilitazama ile kanga ikitikisika kidogo. Ikitulia, nikajua kamaliza. "Ahsante, endelea," nikasema. "Funua." Akafunua ukurasa, siku imekwisha.

Hivyo miaka mitatu. Nilijipa moyo kwamba mtu mzima kama yule, mcha Mungu, hawezi kukosea kosa kubwa. Nilijua ni uongo huku najiambia.

Kisha bintiye akaja kutoka Unguja kwa siku mbili, kanunua kanga mpya, uso unameremeta. Mama yake, alisema, zimembakia kurasa tatu akhitimu msahafu mzima. Mama aliyeuacha katikati alipoolewa! Halua keshaagiza Wete, wageni keshaalika, na siku yenyewe mimi mwalimu nitasimama mbele za watu nishuhudie kwamba Bi mkubwa kausoma wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nimemsikia.

Nilimwambia, "Mungu akuweke, mwanangu." Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani. Kudanganya darasa kwamba nasikia ni jambo moja. Kusimama nikashuhudia juu ya maneno ya Mungu, kwa kitu ambacho sikusikia hata harufi moja, ni jambo jengine, na sikuwa na uso wa kulifanya. Na nikikataa kushuhudia, nitamvunja ajuza yule mbele ya mwanawe kwa kosa lisilokuwa lake.

Nikamweleza mume wangu.

"Mie nakwambia mwaka wa nne uende hospitali," alisema, kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kunipazia ambayo majirani wakiijua kama saa. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Basi hili halijafa," nilimwambia, "nipeleke."

Hospitali alikuwepo binti mmoja anayepima masikio, mdogo, mpole, na miwani mikubwa. Alinivika spika masikioni, akanipa kitufe, akasema nikisikia mlio hata mdogo nibonyeze. Nikabonyeza vizuri sana. Nilibonyeza kwa mpangilio, bila kukosea, mpaka nikaanza kujiona sina maradhi.

"Mama," alisema, "unatazama mkono wangu."

Kweli nilikuwa namtazama mkono. Kila akibonyeza kwake, nabonyeza kwangu. Sikukusudia kumwibia, ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Akanigeuza kiti nitazame ukuta. Ukuta haukuwa na la kunambia, na kitufe kikakaa kimya mkononi mwangu kwa muda ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya.

Baadaye alinionesha karatasi yenye mstari unaoteremka. Akaniuliza kama huwa nachoka jioni. Nikamwambia habari ya saruji. Akasema masikio yakipungua, kichwa ndicho kinachofidia. Kinakusanya vipande, kinaviunga, kinakisia vilivyokosekana, na hakipati nafasi ya kupumzika. "Wenzako wanasikiliza tu. Wewe unasikiliza na kushona papo hapo." Nikalia. Si kwa ajili ya masikio, nililia kwa sababu kwa miaka minne nyumba nzima ilinipa maradhi, na huyu mtoto ndiye wa kwanza kunambia kwamba nimefanya kazi.

Akanivisha mashine mbili, ndogo, nyuma ya masikio. Akanionya kwamba wiki za mwanzo nitachoka zaidi, kwa sababu kichwa kimesahau sauti ndogondogo na kitataka kuzipokea zote kama wageni wa harusi. Nivae saa chache, niongeze pole pole. Mimi nikavaa kutwa.

Siku ile nilijua kwamba friji yangu inanguruma, ndara zangu zinalia, na mfuko wa plastiki ni adui wa binadamu. Nilijua kwamba mume wangu, mtu mtaratibu anayesifiwa mtaa mzima, akinywa chai anaivuta kama anapandisha maji kisimani.

"Na mie wanisikia?" aliniuliza kwa shauku.

"Nakusikia kabisa," nilimwambia. "Kanywe barazani."

Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma nikazivua nikazifungia ndani ya kikombe. Siku ya pili nikagundua mtandio. Mwanamke wa kwetu hatoki kichwa wazi, na mimi kwa kuzificha mashine niliubana mtandio kwa pini mpaka shingoni. Kitambaa kikizibana, zinapiga mluzi, mwembamba, mkali, kama birika la maji. Nilipita sokoni napiga mluzi. Wanaume watu wazima waligeuka.

Siku ya nne ndiyo nikafanya kubwa. Nilitawadha kwa ajili ya adhuhuri, uso, mikono, kichwa, na nilipofika masikio nikapaka maji ndani na nje, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha, na mashine zimo. Moja ikakata kauli palepale. Nilirudi hospitali nimeinama. Binti wala hakushangaa. Alisema wagonjwa wake wote humfanyia hivyo, na mashehe ndio wa kwanza, kwa sababu mkono wa mtu wa udhu wa miaka hamsini hauulizi ruhusa. Akaikausha, akanifundisha niziweke juu ya rafu kwanza, ndipo nifungue bomba.

Wakati huu Bi mkubwa hakuwepo. Kifua kilikuwa kimembana, bintiye akamchukua Unguja akatibiwe, na atarudi siku chache kabla ya halua. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa muda, kisha nikamwomba msamaha kwa kushukuru pumu ya mwenzangu.

Darasa la mwanzo nikiwa na mashine alianza muuza vitumbua. Alisogea, akaweka msahafu, akavuta pumzi, akaachia. Wallahi nilidhani paa linashuka. Niliruka, marfaa ikaanguka.

"Punguza!" nilisema.

Akanitazama kwa huruma, akapandisha.

Nikawaambia wote wapunguze. Hawakuamini. Waliangaliana kama watu waliosikia mgonjwa anaweweseka. Basi nikaona mambo yamefika. Nikavuta mtandio pembeni, nikawaonesha sikio, nikawaambia kwa ufupi na kwa ukali, maana sina njia nyengine ya kusema jambo la aibu, kwamba nilikuwa sisikii na sasa nasikia.

Hakuna aliyeshangaa. Muuza vitumbua aliinamisha uso.

"Mwalimu, sie twajua," alisema. "Mwaka wa nne huno."

"Mlijua? Mbona hamkunambia?"

"Akwambie nani? Mwalimu haambiwi. Tuliagana tu tukiingia mlangoni kila mtu apaze. Bi mkubwa tu hatukumwambia, kifua chake hakiwezi."

Hasira ilinipanda mpaka utosini. Mimi niliyejificha miaka minne, nimejificha mbele ya watu wanane wanaopokezana zamu ya kupiga makelele kwa ajili yangu! Nikafungua mdomo niwagombeze. Kilichotoka ni kicheko, na wao wakacheka, kwa sauti ileile ya darasa, na jirani akagonga ukuta. Iliwachukua wiki mbili kuteremsha sauti. Mume wa muuza vitumbua alikuja tena barazani, safari hii kushukuru, na akanong'ona.

Na mimi taratibu nikaanza kuona mabadiliko ambayo sikuyategemea. Si kwamba nilisikia kila kitu. Siku za mpira Gombani, watu wakipiga mayowe uwanjani, bado nilikuwa nachanganyikiwa, na wanawake wawili wakisema pamoja napoteza wote wawili. Lakini darasa likiisha nilikuwa nimekaa. Sikulala sakafuni. Nilikwenda jikoni kwa miguu yangu nikakuna nazi, na mume wangu akanifuata nyuma kwa wasiwasi akidhani nina jambo nataka kumwomba. Hata ukali ulipungua, kiasi cha nusu. Nusu iliyobaki, nasikitika kusema, ni yangu mwenyewe.

Bi mkubwa akarudi. Halua siku nne mbele. Alikuja darasani na kanga mpya, akakaa mwisho wa mkeka, mahali pake. Walisoma wenzake wanane. Niliwasahihisha, nikawasifu, na walipoanza kuvaa mabuibui nikajipima mwenyewe, nikaona nguvu zangu zipo. Ndipo nilipofahamu kwamba miaka mitatu nilikuwa nazigawa zote kwa wenye sauti, na huyu nikimpa jina tu la mwalimu.

Akasogea. Akaweka msahafu, akafungua palipo na uzi wake, kurasa za mwisho kabisa. Ncha ya kanga mdomoni. Niliinama karibu, nikauachia mtandio usibane.

Nikamsikia. Alisoma Alhamdu, sura ya kwanza kabisa ya msahafu.

Nikasema moyoni kaanza kwa kutaka baraka, vyema. Akafika mwisho, akanitazama, anasubiri.

"Ahsante, Bi mkubwa. Sasa soma ukurasa."

"Nshasoma."

"Umesoma Alhamdu."

"Ndiyo, mwalimu. Si ndo yangu hiyo?"

"Yako vipi?"

Alishusha kanga. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mtoto wake mwenyewe.

"Siku ya mwanzo si nlikwambia, mwanangu? Nlikwambia macho yangu hayaoni harufi, wino wote waniwia moshi. Nkakwambia nlichobakiwa nacho kifuani ni Alhamdu tu. Weye ukanambia, ahsante, endelea." Akavuta pumzi. "Basi nkaendelea."

Niliutazama ule uzi wake ndani ya msahafu.

"Nkaona mwalimu huyu ana huruma," alisema. "Tena msomi. Ingekuwa haifai, angesema. Ukanambia funua, nkafunua."

"Na khitima?"

"Khitima kaisema mwanangu. Mie nlimwambia mbona sijasoma. Akanambia, mama, mwalimu kila siku akupitisha, weye wajua kuliko mwalimu?"

Nilitafuta wa kumkasirikia. Niligeuza macho ukumbi mzima, nikaona viatu vimekwisha mlangoni, mkeka mtupu, na sisi wawili. Nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba siku ile ya mwanzo sikusikia, wala siku ya pili, na kwamba nilikuwa natazama kanga. Nilisema pole pole kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka arudie swali.

Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Basi sikukhitimu."

"Hukukhitimu, mama yangu."

"Wala hukunsikia."

"Wala sikukusikia."

Nikamwambia Jumatatu nampeleka hospitali mwenyewe, akapimwe macho, na akipata miwani tunaanza mwanzo, mimi na yeye, na zamu yake itakuwa ya kwanza. Nikamwambia wageni nitawasimamia mimi, nitawaeleza mwenye kosa ni nani.

"Na halua?" aliuliza.

"Halua haina kosa. Tutaila."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atainuka aende zake, na angekuwa na haki, wala nisingemfuata. Lakini hakuinuka. Alivuta kanga, akasogeza marfaa karibu yangu, akaniuliza leo basi asome nini.

"Alhamdu," nilisema.

"Ileile? Kwani nlikosea?"

Hakukosea. Kila harufi ilikaa mahali pake, kila pumzi ilikatwa panapokatwa, hakukuwa na wa kumsahihisha hapo, mimi wala aliyenisomesha mimi.

"Hukukosea," nilimwambia. "Isome tena. Zile zote zimenipita."